Gari la Bulaimu Lilipoacha Kukoroma

Mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, mwanamume akitoka safari haulizi kama alikumbukwa. Anazunguka nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa kuogea, anatazama. Akikuta ndoo ya maji ya moto, moyo unatua. Asipoikuta, hata akiandaliwa kuku mzima atamla huku amenuna. Kuyatia maji hayo motoni ni kazi ya mke, na ni aibu mwanamume kumtajia mke wa mwenzake habari zake. Watu watazungumza juu ya ugomvi, magonjwa, hata uchawi, lakini maji ya kuoga ya mtu hayazungumzwi.

Sasa Bulaimu, dereva wa gari la mizigo, alikuwa amefiwa. Mkewe Victoire alizikwa mwaka juzi, mvua zikianza, na watoto hawakujaliwa. Nyumba yake ya matofali ilibaki na kitanda, redio inayokwaruza, na mlango ambao ukifunguliwa hakuna anayeuliza ni nani. Hata hivyo, kila alasiri aliporudi na gari lake, nyuma ya nyumba aliikuta ndoo. Maji ya moto, yamefunikwa kwa sahani ya bati. Akishaoga, anaiacha ndoo palepale, na asubuhi haipo.

Msidhani alikesha kumtafuta mwenye ndoo. Bulaimu alikuwa mtu wa kuogopa majibu. Alijiambia kwamba ni Mounira, mke wa mdogo wake Moussa, anayekaa ng'ambo ya barabara. Tena mpini wa ndoo ulikuwa umezungushiwa utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu, na Moussa ndiye mwenye baiskeli. Basi, shauri likaisha hapo. Kumshukuru shemeji kwa mdomo hakuwezekani, kwa hiyo alishukuru kwa samaki. Kila alipopeleka mizigo Nyangwe, mtoni, alirudi na samaki mmoja mnene, akamwacha mlangoni kwa Mounira bila maelezo. Mounira alipokea bila maelezo. Wakaendelea hivyo kwa heshima kubwa, na hakuna hata mmoja aliyejua mwenzake anafanya nini.

Ndoo hiyo ndiyo iliyomzuia Bulaimu asihame. Dada yake aliyeko Kindu alikuwa hachoki kumwita: uza hilo gari, njoo ukae na watu. Bulaimu akajibu kwamba ana kazi. Kazi gani! Ukweli ni kwamba alibakiwa na mtu mmoja tu duniani anayejua saa yake ya kurudi, na siku mtu huyo akichoka, hakuna kitakachomshika Kasongo tena. Alijisemea maneno hayo kwa sauti akiwa peke yake njiani, maana ndani ya gari lile hata ukipiga kelele hujisikii.

Gari lenyewe lilikuwa la enzi za Wabelgiji. Lililetwa na bwana mmoja wa pamba, likapita mikono mingi, likaachwa kwenye majani, na Bulaimu alipolitoa huko lilikuwa na nyoka kwenye kiti cha dereva. Bodi aliichonga upya kwa mbao, na milango miwili ya mbele pia, mizito, ya kufungwa kwa kubamizwa. Injini ilikuwa ileile ya zamani, ya silinda nne, iliyotengenezwa wakati ambao waunda magari hawakujali kelele. Walishukuru tu kwamba chombo kinakwenda. Kabureta lake, pale injini inapochanganyia hewa na petroli, halikuwa na chujio wala kifuniko. Mdomo wake ulikuwa wazi, umeelekea nyuma, karibu na magoti ya dereva. Kila silinda ilipovuta hewa mdomo ule uliguna, na silinda zikipokezana miguno ikaungana ikawa mkoromo mmoja mnene usiokatika. Penye mlima ndiyo usiseme. Watu waliliita Mukoromo. Walilisikia likiwa bado ng'ambo ya kilima cha kuingilia mjini; wenye magunia ya mihogo wakaanza kuyafunga, na mbuzi wakatoka barabarani wenyewe.

Zamani Bulaimu hakuwa peke yake ndani yake. Kwenye kiti cha pili alikaa Yves, mwana wa pekee wa Mama Cécilia, jirani wa nyuma, ambaye nyumba yake na ya Bulaimu zinatenganishwa na migomba. Yves alijifunza kwake kazi yote, tangu kuziba pancha hadi kufungua injini na kuirudisha bila kubakiza nati mkononi. Halafu siku moja akasema amechoka kunuka oili, anakwenda Lusangi kuchimba dhahabu. Bulaimu mwenyewe ndiye aliyempeleka. Akamshusha njia panda na begi lake, wakakubaliana kwamba atamchukua safari ijayo. Safari ijayo Bulaimu alifika, akapiga honi, akangoja, akauliza. Mmoja alisema Yves amehamia mashimo ya mbali. Mwingine alisema kuna shimo lililoanguka. Wengine hawakumjua kabisa.

Siku ile Bulaimu alishindwa kwenda kumwambia Mama Cécilia, alimtuma Victoire. Tangu hapo, miaka mingi sasa, hakukanyaga upande ule wa migomba. Akimwona mama yule kwa mbali anakwenda misa, anaburura mguu wake mbovu, hugeuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Aliona aibu, na aibu ikilala siku nyingi inakuwa tabia.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ya mihogo na mpunga, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ya Nadine. Nadine alikuwa mkunga wa kituo kimoja cha uzazi pale mjini, mwanamke mfupi mwenye haraka. Vijijini, kwenye barabara ya Kabambare, mwanamke mwenye mimba ya mashaka akisikika, Nadine humwita Bulaimu, wakaenda kumleta. Pikipiki ni nyingi, lakini mwambie mwenye mimba ya miezi tisa apande pikipiki kwenye mashimo yale uone atakavyokujibu.

Njiani Nadine alikuwa na kipembe kidogo cha mbao. Anakiweka juu ya tumbo la mama, anategesha sikio, anasikiliza moyo wa mtoto. Na hapo ndipo vita vilipoanzia.

“Papa Bulaimu, zimisha moteri.”

“Tena?”

“Zimisha tu. Sisikie mutoto.”

Bulaimu anazima. Nadine anasikiliza. Kisha Bulaimu anashuka na chuma cha kuwashia, anakiingiza mbele ya injini, anazungusha kwa mkono huku jasho likimtiririka. Injini ikiwa baridi huwaka vizuri. Ikiwa na moto hugoma kama nyumbu. Siku moja iligoma katikati ya njia, juani, na ndani yupo mama mmoja anaitwa Esther-Divine ambaye uchungu ulikuwa umeshamshika. Alizaa kwenye majani, chini ya turubai la mihogo. Mtoto alitoka amelegea, hana sauti, na Nadine alimpuliza na kumsugua mpaka akalia. Bulaimu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, ameshika kile chuma.

Wakirudi, Nadine hakumgombeza. Ingekuwa nafuu angemgombeza.

“Ule mutoto alikuwa anachoka mule ndani, mie sikujua,” alisema. “Kama ningesikia mapema, ningekuambia tuende mbio. Mutokari yako inatusaidia sana, Papa, lakini inaniziba masikio. Utafute dawa yake. Kama hapana, nitarudia ku moto, zile pikipiki, hata kama wamama wanalia.”

Basi Bulaimu akaanza kutafuta dawa, na kosa lake la kwanza lilikuwa lile ambalo ningelifanya hata mimi: alifunga mdomo. Alichukua kipande cha gunia, akakikunja, akakifunga kwenye kabureta. Injini ikanyamaza hivi kwamba alisikia mbao za bodi zikilia, sauti ambayo hakujua kama ipo. Akafurahi. Akapakia mihogo, akaenda kwenye kilima. Katikati ya mlima gari likaanza kukohoa moshi mweusi, likakosa nguvu, likazima, likarudi kinyumenyume mpaka gurudumu lilipokamatwa na jiwe. Injini ikikosa hewa inabaki kunywa petroli tupu. Inashiba na haina nguvu, kama mlevi. Akalitoa gunia.

Baadaye akajaribu kopo la maziwa ya unga, akalitoboa tundu. Hilo lilipiga mluzi. Wanawake wa sokoni wakamuuliza kama siku hizi anachunga ng'ombe.

Aliyemfundisha alikuwa Victoire, ingawa hayupo. Bulaimu alikuwa na mazoea ya kuongea peke yake nyumbani, ndiyo mazoea ya nyumba za namna ile. Akisema neno sebuleni, penye kuta tupu na sakafu ya saruji, sauti yake inamrudia na kumchoma. Akisema chumbani, ambamo nguo za mkewe zilikuwa bado zimetundikwa na blanketi lake la sufu limekunjwa palepale alipoliacha, sauti haimrudii. Inapokewa. Siku moja alisimama kwenye mlango wa chumba, akasema “Victoire” kuelekea sebuleni, kisha akasema “Victoire” kuelekea chumbani. Akarudia tena na tena. Mtu angepita angesema mzee wa watu amechanganyikiwa.

Akaona kosa lake. Injini haikutakiwa kufungwa mdomo. Ilitakiwa kujengewa chumba. Hewa iingie kwanza kwenye nafasi kubwa, ijitawanye, itulie, ndipo ivutwe. Na chumba kiwe na nguo.

Akatafuta debe kubwa la mafuta ya mawese, la bati gumu, akalifunga ubavuni mwa injini. Upande mmoja akaliunga na kabureta. Ndani akataka kulizungushia kitu cha sufu, na sufu ilikuwa moja tu nyumbani. Alilishika blanketi la Victoire siku nzima kabla ya kutia mkasi. Alilia, na sioni kwa nini nimfichie. Kisha akalikata vipande, akavipanga kuzunguka kuta za debe, na ili injini isivimeze akavizuia kwa bati alilolitoboa kwa msumari mwili mzima, kama kikwaruzio cha mihogo.

Ilibaki njia ya kuingizia hewa. Akaweka bomba pana kuliko mdomo wa kabureta, mlango wake umeelekea mbele, mbali na magoti ya watu. Bomba likiwa fupi mkoromo ulitoroka kupitia humo. Likiwa refu mno injini ilikuwa mvivu. Akatumia mabomba mawili, moja likiingia ndani ya jingine, anavuta na kurudisha, anapanda kilima na magunia yaleyale, anashuka, anavuta kidogo, anapanda tena. Watu waliokaa kando ya kilima walifikiri amelogwa. Mwishowe akapata mahali ambapo gari lilipanda kwa gia ileile ya zamani, bila kukohoa, tena likiwa jepesi kidogo pale pa chini penye mwinuko mkali. Akalikaza bomba papo hapo. Injini ilikuwa ikipumua kwa sauti ya chini, kama mtu aliyelala vizuri.

Safari ya kwanza walimleta mama mmoja kutoka vijiji vya njia ya Kabambare. Walipofika penye tambarare Bulaimu alipunguza mwendo, hakuzima. Nadine akaweka kipembe, akategesha sikio. Bulaimu alikuwa anatazama barabara, lakini shingo yote imekaza.

“Papa,” Nadine alisema polepole.

“Nizimishe?”

“Apana! Usizimishe. Namusikia.” Akainua uso, na alikuwa anacheka. “Namusikia, Papa! Anapiga muzuri. Endesha tu, endesha.”

Bulaimu hakuwa amepata furaha ya namna ile tangu msiba. Aliwashusha kwenye kituo, akapokea mikono ya kila mtu, akaondoka kwenda nyumbani huku amejaa maneno. Njiani mbuzi hawakutoka. Ilibidi awapigie honi. Mwanamke mmoja mwenye beseni la mihogo alistuka, akamtukana. Hakuna aliyefunga gunia. Yeye hata hakuyaona hayo. Alikuwa anafikiria ndoo, na kwamba leo akioga ataimba.

Akazunguka nyuma ya nyumba. Kwenye uzio wa kuogea hapakuwa na kitu.

Aliingia ndani, akatoka, akatazama tena, kama vile ndoo ingeweza kuwa imechelewa. Akaoga maji ya baridi. Safari iliyofuata ilikuwa vilevile, na nyingine, na nyingine. Pale penye ndoo palianza kuota majani. Bulaimu akaacha kuoga anaporudi. Alikuwa anakaa kwenye ngazi na vumbi lake mpaka giza likaingia. Mjini watu walikuwa wanamsifu, fundi aliyelituliza Mukoromo, na yeye alikuwa anaitikia huku anajiuliza ni kosa gani amelifanya. Alihesabu maneno yote aliyomwambia Mounira tangu mwaka jana. Yalikuwa machache sana na yote yalikuwa salamu.

Akaongeza samaki. Akaleta wawili. Akaleta samaki mmoja mkubwa hivi kwamba mkia uliburuzika. Hapo Moussa akavuka barabara, akaja kukaa na kaka yake kwenye ngazi.

“Yaya, iko neno gani? Mounira anaogopa. Anasema hizi samaki ni za kulipiza nini?”

“Ni za kushukuru tu.”

“Kushukuru nini?”

Bulaimu akatazama chini. Lilikuwa neno la aibu, na kulisema kwa mume mwenyewe ilikuwa aibu mara mbili. “Ya maji,” akasema.

“Maji gani?”

“Ya kuoga. Yenye alikuwa anawekaka huku nyuma. Kama nimemukosea, aniambie. Sitasumbua tena.”

Moussa akaanza kucheka. “Mounira? Yangu mie mwenyewe anatiaka kwa kununa, ndiyo atie ya mutu mwingine?” Halafu akaona uso wa kaka yake, akaacha kucheka. “Yaya. Mie sijue habari ya maji. Mounira naye hajue. Kweli ya Mungu.”

Alipoondoka, Bulaimu alibaki na upweke mpya, mbaya kuliko ule wa zamani. Mwanzo alidhani mtu anayemjua amemkasirikia, na ugomvi hupatanishwa. Sasa hakumjua hata huyo wa kumwomba radhi. Kulikuwa na mtu aliyemngoja miaka miwili, na ameacha, na Bulaimu hakuwahi hata kumwona uso. Juma lile alimtumia dada yake habari kwamba anakuja Kindu. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga alikuwa analitaka gari, wakapatana aje kulitazama.

Mtu hauzi gari chafu. Bulaimu akafungua debe ili alisafishe, maana vumbi jekundu la barabara lilikuwa limeingia na blanketi limekuwa zito. Akalitoa lote, akavikung'uta vipande, akavianika kwenye kamba. Wakati vinakauka akataka kuhakikisha kwamba injini haina ugonjwa mwingine, akaliwasha gari likiwa na mdomo wazi, akaenda nalo hadi ng'ambo ya kilima na kurudi. Loo, mkoromo ulivyofunguka! Watu walitoka milangoni wakicheka, mbuzi wakakimbia. Akapanda polepole, akapita soko lote, akafika nyumbani, akabamiza mlango. Alibaki uani akikagua mabomba na kukaza nati, mpaka mikono ikawa myeusi. Akazunguka nyuma kuchukua maji ya kunawa.

Ndoo ilikuwepo. Sahani ya bati juu. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni.

Bulaimu alikaa chini, pale pale kwenye majani. Alielewa mara moja, na alijiona mjinga. Huyo mtu hakuwa amemchoka. Alikuwa hajamsikia. Mkoromo ulikuwa unampa habari Bulaimu akiwa bado ng'ambo ya kilima, na kutoka kilimani, kupita kituo cha uzazi, hadi nyumbani, maji yanapata muda wa kuchemka. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemnyima mtu huyo habari.

Akauvuta mpini karibu, mara ya kwanza kuutazama sawasawa. Utepe wa mpira ulikuwa umezungushwa kwa kubana, na ncha yake imepitishwa chini ya mizunguko na kurudishwa nyuma, ili isifunguke hata ikipata oili. Moussa hafungi hivyo. Moussa hata kamba ya mbuzi inamshinda. Ndivyo Bulaimu anavyofunga mabomba. Na kazi ile alimfundisha mtu mmoja tu.

Akaiacha ndoo, akaingia kwenye migomba.

Mama Cécilia alikuwa amekaa kando ya mafiga, mguu mbovu ameunyoosha, sufuria tupu iko pembeni yake, imejaa masizi. Amezeeka kuliko Bulaimu alivyotazamia. Ulikuwa uzee wa miaka yote ile aliyokuwa anageuka barabarani.

“Hodi, Mama.”

“Karibu.” Hakuuliza ni nani. “Mutokari imepona?”

“Haikugonjwa, Mama. Ni mie niliinyamazisha. Juu ya wamama wa Nadine, asikie watoto.”

“Aa. Mie nilizania imekufa, hata mulango nikisikia nikazania ni ya nyumba. Nikasema, basi, hata ile nayo imekufa.”

Bulaimu alitaka kuomba radhi kwa mambo mengi, kwa njia panda ya Lusangi, kwa kumtuma Victoire, kwa kila misa aliyogeuka njiani. Lakini kilichotoka ni swali lile ambalo hakupaswa kumuuliza mwanamke yeyote.

“Mama, ile maji. Ni wewe?”

Mama Cécilia akasukuma kuni ndani ya mafiga, ingawa moto ulikuwa unazimika.

“Ile siku ilimupeleka mutoto wangu, nilisikia ikienda,” alisema. “Nilisikia mpaka kule ku mulima, mpaka ikapotea. Kwanza Victoire alikuwa anaweka maji yako, na mie naweka ya Yves, inapoa, namwaga. Victoire akakufa. Sasa nikiisikia inarudi, naweka tu. Sijue iko na nani ndani.”

“Iko mie tu, Mama. Kila siku iko mie tu.”

“Najua. Nikisikia mulango moja tu inafungwa, najua.” Akamtazama kwa mara ya kwanza, bila ukali wowote. “Lakini maji imekwisha pata moto. Nitaimwaga tena? Enda uoge, Bulaimu. Isipoe.”

Akaenda, akaoga, na hakuimba.

Mfanyabiashara wa mpunga alikuja akarudi na pesa zake. Blanketi lilirudishwa ndani ya debe, maana watoto wa Nadine lazima wasikike, lakini ubavuni mwa debe Bulaimu alifungua dirisha lenye kifuniko na komeo. Akitoka vijijini hulifunga, na gari linapita kimya mpaka kwenye kituo. Akishawashusha akina mama anavuta komeo, anarudi hadi kilimani, anageuza, anaingia mjini upya akikoroma, kwa mwendo wa pole ili maji yapate muda. Petroli inaumia, na Moussa anamwambia kila siku kwamba ni wazimu. Samaki wa Nyangwe siku hizi wanapitia kwenye migomba, na ndoo anaifuata mwenyewe, mama yule asiburure mguu. Ila akifika nyumbani, anazima injini, anashuka, anabamiza mlango wake, huo mmoja. Kisha husimama kidogo kando ya gari, haendi popote, mpaka Mama Cécilia amalize kusikiliza.